Vyuma vya Ghorofa ya Tatu

Juma lililopita aliingia dukani kwangu msichana mmoja amebeba bahasha ya kaki, akanisalimu vizuri, "Sasa auntie," akaniambia anataka programu ya mazishi, kurasa nane, picha ya rangi mbele. Kazi hiyo naifanya kila siku. Duka langu liko pembeni mwa soko la Muthurwa, mlango mmoja, kompyuta mbili na printa inayolalamika kuliko mimi, na nimeandika wasifu za marehemu wengi hata sishtuki tena. Naweka miwani, nauliza ibada ni saa ngapi, nawaonya mapema kwamba wasifu mrefu hausomwi na mtu. Basi nikachomoa picha kwenye bahasha. Alikuwa amezeeka, amenenepa mashavu, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, lakini lile pengo la meno ya mbele na ile namna ya kuinamisha kichwa upande mmoja, hakuna mwingine. Alikuwa Mama Mwende. Na huyu aliyesimama mbele yangu akitafuta mahali pa kuchajia simu, basi alikuwa Mwende mwenyewe.

 Nilimwonyesha kiti na mahali pa stima, nikamwuliza jina kamili la marehemu, naye akanitajia majina matatu ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Mwaka mzima niliishi na huyo mama, ukuta mmoja katikati yetu, na sikujua aliitwa Rael. Nikaandika Rael, vidole vikaendelea na kazi yao, na mimi nikarudi Kayole, ghorofa ya tatu, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili.

Nilikotoka na kilichonitoa huko si mambo ya hapa. Nilipata kazi ya kupiga chapa katika kibanda kimoja kando ya Jogoo Road, karibu na Makongeni, na nikapata chumba Kayole, nyuma ya barabara ya Spine. Chumba namba kumi na moja. Kitanda kilijaza nusu, stovu ilikaa juu ya kreti ya soda, na dirisha lilitazama ukuta wa ploti ya jirani, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningeugusa. Vyumba vyote vilifungukia koridoo, na koridoo ilizunguka uwazi katikati ya nyumba, ukiinama unaona hadi chini kabisa, kwenye saruji, pale bomba la maji lilipokuwa na akina mama walipofulia. Nilikuwa nikirudi jioni napika ugali wa mtu mmoja. Jaribu kupika ugali wa mtu mmoja uone. Hauna umbo, unakaa tu kwenye sahani unakuangalia. Nilikula nikiwa nimekaa kitandani, nikisikiliza chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba hata nilijua siku wanazokula muthokoi, kwa sababu yale mahindi ya kukobolewa huchemka muda mrefu, na nilijua mume akiwa nyumbani, kwa sababu sauti ya mama ilishuka. Mume alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko njia ya Busia. Mtoto wao Mwende alikuwa na miezi minane, na nilimjua kwa kikohozi kabla ya kumjua kwa uso.

Sasa, katika ploti ile hakuna mtu aliyeitwa jina lake. Ukishazaa, jina lako unaliweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo. Unakuwa mama wa fulani, baba wa fulani, na mambo yamekwisha. Tulikuwa na Baba Kelly, tulikuwa na Mama Kevo wawili, kwa hivyo mmoja akawa Mama Kevo wa Juu na mwingine Mama Kevo wa Chini, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi sikuwa na mtoto, sikuwa na mume, hata paka sikuwa naye. Wakawa wananiita wa kumi na moja. "Wa kumi na moja, umeacha bomba linamwagika." "Mwambieni wa kumi na moja aanue nguo zake." Mara ya kwanza nilicheka. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa sicheki. Kuna Jumapili moja nilikaa kitandani nikagundua kwamba tangu Jumatatu hakuna mdomo uliokuwa umetamka jina langu, maana hata kule kibandani tajiri wangu aliniita "wewe." Nikalitamka mwenyewe, kwa sauti ndogo, nikaona haya.

Vyuma viliibwa wakati wa mvua. Koridoo yetu ilikuwa na vyuma vya kuzuia mtu asianguke kwenye ule uwazi, na watu wa chuma chakavu, nani aliwafungulia geti hatukujua kamwe, wakakata kipande chote cha ghorofa ya tatu, kuanzia mlango wangu kupita mlango wa Mama Mwende hadi kwenye ngazi. Asubuhi nilifungua mlango nikaona hewa. Tulimwambia keateka, yule wa kuitunza ploti, naye akasema, "Vyuma zinakuja, msikuwe na haraka." Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Tukafunga kamba ya katani. Baba Kelly akaleta neti ya chuma ya kitanda kibovu, tukaifungia pale kwa waya. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole aliyevaa koti hata siku za jua, alikuja akasimama chini, akainua kichwa, akasema vyuma tumeuza wenyewe na tutanunua wenyewe. Alisema bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililotukata maini.

Wakati huo Mwende alianza kutambaa. Mama yake alimfunga kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Nilikuwa namsikia mtoto akivuta ile leso, akifika mwisho wake, akilia, mama akiacha kufua na kupanda ngazi mbio. Mlango hangeweza kuufunga mchana kutwa, jiko la makaa lingewaua. Jioni moja alibisha hodi kwangu na bakuli la muthokoi. Alikuwa hajawahi kuingia. Aliangalia kile chumba, ile sahani moja, kile kijiko kimoja, akajifanya hajaona.

"Wewe si ndiye unapiga taipu?" akaniuliza.

"Ndiye."

"Kuna korti ya nyumba huko mjini. Dada mmoja wa kanisani ameniambia. Mpangaji anashtaki landilodi, na landilodi anaambiwa atengeneze. Lakini wanataka karatasi." Akainamisha kichwa upande. "Huyu mtoto atasimama hivi karibuni. Akisimama atatembea. Na Baba Mwende amenikataza mambo ya korti, kwa hivyo hii ni yangu na wewe."

Hii ni yangu na wewe. Ningepiga chapa Biblia nzima kwa hayo maneno. Nilikula ile muthokoi mpaka nikafuta bakuli kwa kidole, na kesho yake nikazunguka ploti yote na kalamu. Kila mlango niliuliza, "Nikuandike nani?" na kila mlango nilijibiwa, "Si unanijua? Mama Kevo." Nikaandika Mama Kevo. Walinikaribisha. Nilikunywa chai mara sita jioni ile, na mahali pamoja nilipewa chapati. Asubuhi nikaipiga chapa kwa mashine ya tajiri wangu kabla hajafika: malalamiko juu, jina langu na sahihi yangu, na chini yake orodha ya wapangaji kumi kwa herufi kubwa, MAMA MWENDE, BABA KELLY, MAMA KEVO WA JUU, MAMA KEVO WA CHINI. Niliinyoosha kwa kiganja nikajisifu jinsi mistari ilivyolingana. Mimi, mtu wa kupiga chapa, niliyekuwa kila siku nikiwauliza wateja "majina kama yalivyo kwenye kitambulisho," sikuona chochote. Hayo ndiyo yalikuwa majina yao. Sikuwajua kwa mengine.

Korti ile haikuwa na vitisho nilivyotarajia. Kilikuwa chumba cha ofisi mjini, mabenchi, feni isiyozunguka, na mwenyekiti mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Walikaa saa za kazi, na watu wetu ni watu wa kibarua, kwa hivyo kati ya kumi na mmoja tulifika wawili: mimi niliyemdanganya tajiri kwamba naumwa jino, na Mama Mwende na mtoto mapajani. Mwenye nyumba alikaa benchi la upande wa pili na koti lake, akamfanyia mtoto ishara ya mdomo hadi akacheka. Karani akasimama na karatasi yangu. Akalisoma jina langu lote, Eunice Mbithe Nzioka, na nikaona raha sana kulisikia. Kisha akaendelea. "Mama Mwende. Baba Kelly. Mama Kevo wa..."  Akamwangalia mwenyekiti. "Wa Juu."

Watu wakaangua kicheko. Mwenye nyumba hakucheka. Alifungua kitabu chake cha wapangaji, akateremsha kidole polepole, akasema, "Mheshimiwa, hapa sina Mama Kevo. Si wa juu, si wa chini." Wakacheka tena. Mimi nilitamani ile sakafu inimeze.

Mwenyekiti aliwanyamazisha. Hakuwa mtu mbaya, na namkumbuka kwa heshima. "Binti," akaniambia, "hawa watu najua wapo. Lakini kwa karatasi hii hawapo. Una njia mbili. Urudi na majina ya vitambulisho na sahihi zao, tukupangie siku nyingine, ama uendelee leo kama mlalamishi mmoja." Nikauliza siku nyingine ni lini. Akageuza kurasa za kitabu chake, akageuza tena, akasema baada ya mwezi na nusu hivi. Nikamtazama Mama Mwende. Jumatatu ya wiki ile Mwende alikuwa ameshika ukingo wa beseni akasimama, nikasikia mama yake akisema "haiya" kwa sauti isiyokuwa ya furaha. Mama Mwende alinitazama, kisha akamtazama mtoto, akasema chini chini, "Endelea." Nikaendelea. Wale wengine wakafutwa kwa kalamu nyekundu, mstari kwa mstari, na kesi ikawa yangu peke yangu. Nilieleza kamba ya katani, nikaeleza neti ya kitanda. Mwenyekiti akaandika, akamwambia mwenye nyumba vyuma virudi katika siku kumi na nne. Njiani kurudi tulinunua ndizi mbili tukala tukitembea, Mama Mwende akinishika mkono wakati wa kuvuka barabara kana kwamba mimi pia ni mtoto. Siku hiyo nilikuwa na mtu.

Jumamosi iliyofuata keateka alisimama chini karibu na bomba na nakala ya uamuzi, akausoma kwa lugha yake mwenyewe. Landilodi ameamriwa arudishe vyuma. Halafu akaongeza, akiangalia juu, "Na aliyeshtaki ni mtu mmoja. Wa kumi na moja peke yake. Nyinyi wengine hamko." Hakudanganya neno. Watu wakainua vichwa kunitazama pale nilipokuwa naanika shuka, na nikadhani Mama Mwende, aliyekuwa amekaa pale pale chini akifua, atafungua mdomo. Aliendelea kusugua kola ya shati. Mume wake alikuwa amerudi usiku wa jana, alikuwa ameegemea ukuta akipiga mswaki.

Jioni ile niliyasikia maneno ya majirani, kwa sababu ploti ile haikuficha kitu. Nilikuwa chooni na ndoo, wao walikuwa kwenye zamu ya maji.

"Alizunguka akitukusanya majina, kumbe alikuwa na yake."

"Alitutoa. Tulikuwa kwa orodha, akatutoa."

"Atakuwa ameahidiwa chumba cha mbele, kile cha dirisha la barabarani."

"Na vile alikunywa chai yangu."

"Mtu hana mtoto, hana mtu. Huyo ana uchungu na nani?"

Na Mama Mwende alikuwa hapo. Nilimsikia akisema, "Sogeza mtungi, wangu umejaa," na hakusema lingine. Ningetoka, ningeeleza. Nimejiambia mara nyingi ningetoka. Lakini nilikuwa na kiburi cha miaka ishirini na mbili, nilitaka nisemewe, nilitaka mtu mmoja tu aseme nilimwona, nilikuwako. Nilingoja waondoke nikapanda na ndoo yangu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenigombeza wala kunitukana. Walinisalimu kwa kichwa. Nikifika bombani mazungumzo yalihamia bei ya sukuma wiki. Hata lile la wa kumi na moja liliisha. Wakawa hawaniiti kabisa.

Vyuma vilikuja siku ya kumi na tatu. Fundi wa kuchomelea alifanya kazi mchana kutwa, cheche zikadondoka hadi chini, akina mama wakaondoa nguo kwenye kamba, na watu wakatoka kutazama wakiwa na viti. Mtu alitengeneza chai ya fundi na vikombe vikazunguka. Niliona yote kwa ufa wa mlango. Fundi alipomaliza alipiga vyuma kwa nyundo, vikalia koridoo nzima, na rangi yake ya kijani ilinuka chumbani mwangu wiki mbili.

Mwezi mmoja hivi baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa nachambua maharagwe nikasikia kelele ng'ambo ya ukuta, kisha nje. Mama Mwende alikuwa anapiga makofi. "Kuja. Kuja kwa mama. Kuja." Na nikasikia chuma kikigongwa kidogo kidogo, kipande baada ya kipande, mtoto anapohamisha mkono. Alikuwa anatembea amevishika vile vyuma. Wote wakatoka wakashangilia, Baba Kelly akapiga mluzi. Niliweka sahani chini. Nilichana nywele, haki ya Mungu, nilichana nywele, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikatazama mlango. Kelele zikapungua. Nikasikia ndara za patapata zikija, zikasimama nje ya mlango wangu, zikakaa hapo muda. Kisha zikaondoka. Nikasema ni mtu alikuja kumwaga maji. Nikarudi kwenye maharagwe, nikayabandika, nikalia mpaka yakaungua, na Desemba nikahama bila kumuaga hata ukuta.

Hasira ile nimekaa nayo miaka yote hii. Nimepata watu, nimepoteza watu, nimefungua duka, lakini siku nikiwa na homa ni yule mama na ile kola ya shati anayenijia. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga, ya siku nitakapokutana naye. Sasa nilikuwa naye kwenye skrini, nampunguzia mwanga usoni ili atoke vizuri.

Tulifika ukurasa wa shukrani. Mwende akanipa karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari, mwandiko wa mgonjwa, herufi zimelala. Chama cha akina mama. Mchungaji. Dada yake wa Machakos. Manesi wa wodi. Na chini kabisa, peke yake: wa kumi na moja.

"Hiyo ya mwisho sijui utaandika aje," Mwende akasema. "Watu watacheka. Lakini mathe aliiandika mwenyewe, akasisitiza."

"Ni nani?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa sawa.

"Jirani wa Kayole, kitambo. Alishtaki landilodi tukawekewa vyuma, ndio nisianguke. Mathe alikuwa anatuambia hiyo stori kila Krismasi, na kila Krismasi analia. Ati alimnyamazia. Alimtafuta sana, alienda mpaka Jogoo Road kwa watu wa kutaipu, akauliza wa kumi na moja, wakamcheka. Jina alilisikia siku moja tu, huko kortini, na mimi nilikuwa namsumbua mapajani. Likampotea."

Nikafuta ile wa kumi na moja niliyokuwa nimeandika. Nikapiga majina yangu, yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mwende aliinama asome, maana wateja wote husoma juu ya bega langu, akaniuliza huyo ni nani. Nikahifadhi faili. Akainua macho, akatafuta ukutani, akafika kwenye leseni ya duka ndani ya fremu, akasoma pale, akarudi akasoma kwenye skrini.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Alikaa. Alikuwa na pengo la mama yake, sikuwa nimeliona. "Na mbona hukuwahi kurudi?"

Yale maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa pale pale, nikayaacha. "Nilingoja aniite," nikasema. "Siku uliyotembea nilikuwa nyuma ya mlango. Nilingoja."

"Alikuja," Mwende akasema. "Alikuja mpaka mlangoni kwako, amenibeba. Akasimama hapo."

"Nilisikia patapata."

"Sasa angekuita nani, auntie? Wa kumi na moja tena, baada ya hiyo yote?"

Mteja mwingine aliingia akataka nakala ya kitambulisho, pande zote mbili. Nikamwambia angoje nje kidogo.